Mafunzo ya Kazini Mtandaoni: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Mtu mzima hatishiwi nyau. Mwambie kwamba asipomaliza moduli zote 6 kabla ya Ijumaa jina lake litapelekwa kwa mkurugenzi, naye atazimaliza. Atafungua video aiache icheze huku anapanga mafaili, atabofya "Endelea" mpaka cheti kitoke, kisha atarudi kwenye shughuli zake. Ofisi ya utumishi itaandika kwenye ripoti kuwa wafanyakazi wote wamepata mafunzo. Jumatatu kazi itafanyika vilevile ilivyokuwa ikifanyika.

Orodha hii inawahusu wanaoandaa mafunzo ya namna hiyo: maofisa utumishi, wakufunzi, wakuu wa idara na waratibu wa miradi. Msimamo wake ni mmoja: mtandao hufikisha somo, lakini wenzake ndio wanaomfanya mtu mzima alishike na kulitumia.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, chombo ambacho msikilizaji hawezi hata kukiuliza swali. Watu wapatao milioni 2 walishiriki kwa wiki 12, na hakuna aliyetarajiwa kujifunza peke yake na redio yake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyeandaliwa na kijitabu cha kusoma. Walisikiliza, wakajadili, wakakubaliana la kufanya, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Leo tuna vyombo vinavyosikia na kujibu, halafu tunavitumia kumtenga kila mtu na skrini yake. Hilo ndilo la kurekebisha.

MAMBO YA KUFANYA

1. Gawa vikundi vya watu 5 hadi 8 kabla ya somo la kwanza.
Katika darasa la watu 60 huzungumza watatu, nao ni walewale kila siku. Katika kikundi cha watu 6, asiyekuja anaulizwa alikokuwa, na anayenyamaza anaonekana. Changanya watu wa kazi moja kutoka vituo tofauti: mhasibu wa Mbeya akae na mhasibu wa Tanga, kwa kuwa matatizo yao ni yaleyale na hawana cha kugombania. Meneja na anayemjazia fomu ya tathmini wasiwe kikundi kimoja. Ukishagawa, usibadilishe mpaka mafunzo yaishe. Programu za mikutano zina kitufe cha kugawa vyumba kwa bahati nasibu. Ukikitumia kila kikao, watu watamaliza mafunzo wakiwa bado wanaulizana majina.

2. Anza na tatizo la mshiriki.
Mtu mwenye miaka 15 kazini haji kwenye mafunzo akiwa mtupu. Ana mambo yanayomsumbua, na anataka kujua somo lako litayatatua vipi. Mfano wa kuigwa ni Project ECHO, mpango ulioanzishwa mwaka 2003 na daktari Sanjeev Arora katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Wagonjwa wa homa ya ini aina C waliokuwa vijijini na magerezani walikuwa mbali mno na mabingwa. Basi badala ya kuwasafirisha wagonjwa, waganga wao walikutanishwa kwa video mara kwa mara. Kila mmoja alileta kisa cha mgonjwa wake, na mabingwa pamoja na waganga wenzake wakakijadili. Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo: waliotibiwa na waganga hao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa na mabingwa chuoni walipona kwa asilimia 57.5. Waganga hao walijifunza kwa kushughulikia wagonjwa wao wenyewe, wenzao wakiwasikiliza na kuwauliza.

Kwa hiyo kila kikao kiwe na kisa kimoja cha kweli kutoka kwa mshiriki mmoja: dakika 5 za kukieleza, dakika 5 za maswali ya kuelewa, dakika 15 za mjadala. Nadharia ya mkufunzi ije baada ya hapo, na iwe ile tu inayokigusa kisa.

3. Lipia bando na toa muda wa kazi.
Tuzungumze wazi. Semina ya hotelini ilikuwa na nauli, chai ya saa nne, chakula cha mchana na posho. Mafunzo yalipohamia mtandaoni, taasisi iliokoa fedha zote hizo, na gharama iliyobaki ikaangukia mfukoni mwa mfanyakazi. Mtu anayehesabu megabaiti zake hawezi kuchangia mjadala kwa raha. Anafunga kamera, anafunga maikrofoni, anaingia dakika 10 kabla ya mwisho ili jina lake lionekane. Kisha mratibu analalamika kwamba watu hawana mwamko! Tuma bando siku moja kabla ya kikao. Kipindi cha mafunzo kiingie kwenye ratiba ya kazi, na muuguzi wa zamu au keshia wa dirishani apate mtu wa kushika nafasi yake kwa saa hiyo. Usiyemlipia bando wala kumpa muda hujamwalika.

4. Walio kituo kimoja wakae chumba kimoja.
Watu watano katika shule moja, kila mmoja kwenye simu yake na vidude masikioni, ni upotevu wa bando na wa watu. Kwenye vipindi vya wote pamoja, nje ya vikundi vidogo, waweke mbele ya kompyuta moja, na projekta ikiwepo iwashwe. Walimu wa Tanzania wana utaratibu unaofaa kuigwa: mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawakutanisha katika jumuiya za ujifunzaji hapohapo shuleni, huku maudhui ya mtandaoni yakiwa nyenzo. Faida nyingine utaiona siku mtandao utakapokatika. Aliye peke yake huishia hapo. Walio pamoja huendelea kujadili.

5. Salamu zipewe muda kwenye ratiba.
Wakufunzi wengi hufungua mkutano saa tatu kamili na saa tatu na dakika moja wako kwenye slaidi. Wanafanya hivyo kwa kubana matumizi, kwa sababu mkutano wa bure wa Zoom wenye watu wengi hukatika baada ya dakika 40. Lakini kwa watu wetu, kuingia kwenye hoja bila kujuliana hali ni ukavu unaofunga midomo. Kwenye semina za zamani, mambo mengi ya maana yalisemwa wakati wa chai, kikombe mkononi, mkufunzi akiwa mbali. Rudisha muda huo. Fungua chumba dakika 10 mapema na mwezeshaji awepo, apokee kila mtu kwa jina lake na heshima yake. Kisha uliza swali moja lenye mashiko: "Tangu tuachane wiki iliyopita, ni jambo gani umelijaribu kazini, na limekwendaje?" Achana na michezo ya kuigiza wanyama au kutaja tunda unalofanana nalo. Aliyekuja kujifunza usimamizi wa ghala hakuja chekechea.

6. Kila mtu awe na jukumu.
Wengi wa washiriki wako wamo tayari kwenye VICOBA, SACCOS au chama cha kuchangiana. Wanajua kuendesha kikao kuliko mkufunzi wako: kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina, na anayechelewa anatozwa faini. Tumia ujuzi huo. Kila kikundi kiwe na mwenyekiti, mwandishi, mtunza muda na mleta kisa, na majukumu yazunguke kila wiki. Mwandishi atume kwenye kikundi mistari mitano tu: tulijadili nini, tulikubaliana nini, nani atafanya nini. Mwenye jukumu hajifichi nyuma ya kamera iliyozimwa.

7. Kila kikao kiishe kwa ahadi ya kutenda.
Mtu ni Afya isingekumbukwa kama watu wangesikiliza habari za vyoo wakaenda kulala. Mshiriki aseme kwa sauti jambo moja dogo atakalolifanya kabla ya kikao kijacho, na mwenzake mmoja akubali kumuuliza. "Nitaboresha huduma kwa wateja" haikubaliki. "Kuanzia kesho nitamwambia kila mteja jina langu na muda atakaosubiri" inakubalika, kwa kuwa inaweza kuulizwa na kujibiwa.

8. Mwandae mwezeshaji.
Kujua kazi na kujua kuwakalisha watu wakajadili ni stadi mbili tofauti. Mhandisi bingwa anaweza kuzungumza saa mbili bila kugundua kwamba anazungumza peke yake. Weka masharti: mwezeshaji asitumie zaidi ya theluthi moja ya muda. Akiuliza swali, ahesabu moyoni hadi 10 kabla ya kujijibu, maana mtandao unachelewa na mtu anahitaji muda wa kufungua maikrofoni. Awe na msaidizi wa kusoma meseji na kuwarudisha waliotolewa na mtandao. Mtu mmoja hawezi kufundisha, kusoma meseji na kuhangaika na sauti kwa pamoja.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usilazimishe kamera.
Kamera iliyowashwa haithibitishi kwamba mtu anasikiliza. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini mikutano ya video inachosha: macho ya watu wengi yanakukodolea kwa karibu kupita kiasi, unajitazama mwenyewe muda wote, na unakaa bila kusogea. Ongeza bando linaloliwa na video, ongeza sebule yenye watoto na wageni ambayo mtu hapendi bosi wake aione. Dai sauti. Anayezungumza mara mbili kwa kikao amehudhuria kuliko aliyewasha kamera na kufuatilia mpira kwenye simu nyingine. Kikundi kidogo kikikubaliana chenyewe kuonana nyuso wakati wa salamu, ni vizuri. Amri isitoke makao makuu.

2. Usiliite kundi la WhatsApp la watu 300 jumuiya ya kujifunza.
WhatsApp inaruhusu kundi la hadi watu 1,024. Ruhusa hiyo si agizo. Kufikia siku ya tatu kundi lako litakuwa na picha za maua za "asubuhi njema", mchango wa harusi, taarifa ya msiba na video ya kisiasa iliyosambazwa mara nyingi. Swali la mshiriki kutoka Sumbawanga kuhusu fomu mpya litakuwa limezikwa chini ya hayo yote. Yanayohitajika ni makundi ya aina mbili. La kwanza ni la matangazo, anaandika admini peke yake. La pili ni la kila kikundi cha watu 5 hadi 8, na humo wazungumze kazi na hata misiba yao, kwa kuwa wanajuana. Weka pia saa za kufunga. Mkufunzi anayetuma zoezi saa nne usiku asishangae kuwekwa kimya.

3. Usihesabu meseji ukadhani unahesabu kujifunza.
Sharti la "kila mshiriki aandike maoni mawili na ajibu ya wenzake wawili" huzaa kitu kimoja: "Asante mwenzangu, umenena vyema." Watu 40 wataandika hivyo na mfumo utawapa alama kamili. Toa kazi isiyowezekana bila mwenzako. Kwa mfano, wawili kutoka vituo tofauti walinganishe jinsi wanavyopokea mzigo, wataje tofauti tatu, na waseme kila mmoja atachukua nini kwa mwenzake. Hapo hakuna pa kunakili.

4. Usimwaibishe mtu mzima mbele ya wenzake.
Orodha ya alama iliyobandikwa hadharani, jina lililotiwa rangi nyekundu, kumwita mtu ghafla ajibu asichokijua: hayo yanaweza kumsukuma mwanafunzi wa sekondari, lakini yanamfunga kabisa mzee wa miaka 55 aliyewafundisha kazi nusu ya waliomo chumbani. Huenda anaijua kazi kuliko wote na kinachomshinda ni kufungua maikrofoni tu. Siku moja kabla, weka kikao cha majaribio cha nusu saa, kijana wa TEHAMA ampigie simu amwelekeze taratibu, bila hadhira. Na usiondoe adabu ya kuitana. Kitabu cha mwongozo kilichoandikwa ughaibuni kinaweza kuagiza watu wote waitwe kwa majina yao ya kwanza. Anayeitwa Mama Neema ofisini abaki Mama Neema mtandaoni, na shikamoo ipokelewe.

5. Usilazimishe Kiingereza kwenye mjadala.
Slaidi zinaweza kuwa za Kiingereza kama ndivyo zilivyonunuliwa. Mjadala uwe katika lugha ambayo kazi hufanyika. Fundi anayemweleza mwenzake hitilafu ya jenereta kwa Kiswahili kila siku hawezi ghafla kuieleza kwa Kiingereza mbele ya mkurugenzi. Atanyamaza, nawe utaandika kwamba hana uelewa. Mfadhili akitaka ripoti ya Kiingereza, itafsiriwe baada ya kikao na anayelipwa kwa kazi hiyo.

6. Usirekodi vyumba vya vikundi, wala usipeleke yaliyosemwa kwa bosi.
Mtu mzima hujifunza sana anapoweza kusema, "Hapa nilikosea." Akijua kwamba sentensi hiyo itafika kwenye faili lake, hataisema tena, na kikundi chote kitajifunza kusema yaliyo salama. Rekodi mada ya mkufunzi kwa ajili ya waliokosa, na iishie hapo. Visa vinavyoletwa navyo visiwe na majina: hakuna picha ya mgonjwa, hakuna namba ya mkopo ya mteja, hakuna matokeo ya mwanafunzi kwenye kundi la WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilipitisha yake mwaka 2019. Kusema "yalikuwa mafunzo tu" hakutakuokoa.

7. Usiwarundikie watu video ukasema kila mmoja ajifunze kwa wakati wake.
Huo wakati wake ni upi? Saa tano usiku, watoto wamelala na yeye anasinzia? Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT kuhusu kozi za wazi za Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX. Kati ya waliojiandikisha, waliomaliza katika mwaka wa 2017 hadi 2018 walikuwa takriban asilimia 3. Kozi hizo zilitoka vyuo vyenye majina makubwa, na waliojiandikisha walifanya hivyo kwa hiari. Maudhui mazuri peke yake hayamshiki mtu. Video iwe fupi, isizidi dakika 10, itazamwe kabla ya kikao, na kikao kiitumie. Isiyotumika kwenye mjadala iondolewe.

8. Usiridhike na "Mmeelewa?"
Jibu ni "Ndiyooo", kila siku, kwa kila somo. Orodha ya mahudhurio nayo inathibitisha kwamba simu ziliunganishwa, basi. Kuripoti kwamba asilimia 100 wamemaliza wakati hujaangalia kazi zao ni funika kombe mwanaharamu apite. Baada ya mwezi mmoja, muulize msimamizi wa kituo: ni nini kinachofanyika tofauti? Mwambie mshiriki aonyeshe daftari la stoo, fomu iliyojazwa, au namna anavyompokea mteja. Mwenzake wa kikundi awe shahidi wa kwanza. Cheti kitoke hapo, baada ya ushahidi wa kazi.

9. Usivunje kikundi siku ya vyeti.
Watu wamechukua wiki kadhaa kuzoeana na kuaminiana, halafu admini anaandika "Asanteni kwa ushiriki wenu" na kulifunga kundi. Huo ni uharibifu wa mali ya taasisi. Kikundi kiendelee kukutana mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa, na kisa kimoja mezani. Taasisi iendelee kutuma bando la nusu saa hiyo. Mtu akihamishwa kituo, aondoke akijua ni nani wa kumpigia simu anapokwama, na hiyo ni faida kubwa kuliko moduli yoyote uliyoilipia.

KAMA BAJETI HAITOSHI

Anza na matatu: vikundi vidogo visivyobadilika, kisa cha kweli kila kikao, na bando lililolipiwa. Mengine yaongezwe kadiri mambo yanavyoruhusu. Ukishindwa hata hayo matatu, usiitishe mafunzo. Andika waraka wa kurasa 2 kwa lugha nyepesi, utume, watu wausome wakiwa kazini, na umweke mtu wa kujibu maswali kwa simu. Waraka huo utawagharimu muda mfupi na utasomwa na wengi. Mafunzo ya bora liende yanakula muda wa watu wazima, yanawafundisha kubofya bila kusoma, na siku utakapowaitia jambo la maana kweli, hawatakuja.